Sahani Safi za Kitanda cha Kumi na Nne

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Afadhali tuliseme mapema sisi tunaompenda, kabla hawajalisema wasiompenda, maana katika hospitali ile ya mkoa hawa wa pili hawakosekani. Saa tatu na nusu asubuhi, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, alikwenda wodi namba tano kumpongeza kwa kula mtu ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu Jumapili. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa.

Walimwita Gramu. Jina la wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, na hata mshahara ungeandikwa kwa jina la Gramu kama karani asingeshtuka. Aliitwa hivyo kwa kuwa alipima kila kitu. Jikoni alipima chakula kibichi na kilichoiva, wodini alipima wagonjwa, na nyumbani mkewe alikwisha kumwapia kwamba siku atakapomkuta amemweka mtoto kwenye mizani ya unga kwa mara ya pili, mizani hiyo itatafutwa kwa majirani. Mlango wa ofisi yake uliandikwa IDARA YA LISHE, lakini chini ya rangi bado lilisomeka neno MASHUKA, kwani zamani ilikuwa stoo. Ndani mlikuwa na dirisha moja linalotazama mitungi ya gesi, meza moja ya watu watatu, na rafu ya vyakula vya plastiki vya kufundishia: samaki aliyekatika mkia, nyanya iliyopauka, na ndizi yenye alama za meno ya watoto walioambiwa si ya kweli wakataka kuhakikisha.

Wiki ile watu watatu walikuwa mmoja. Mwenzake mmoja alikuwa likizo ya uzazi, mwingine amepelekwa semina ya kufundishwa namna ya kufanya kazi na watu wachache. Gramu akabaki na wodi saba peke yake. Hakulalamika, alitania. Utani ndio ulikuwa dawa yake ya kila kitu, na wiki ile dawa hiyo ilizidi kipimo.

Sasa, ili uuone ujinga wenyewe ulivyokaa, lazima uijue kazi. Kila baada ya mlo, mama anayesukuma kigari cha chakula, ambaye wote walimwita Mama Toroli, alikusanya sahani. Kilichobaki kwenye kila sahani alikikwangua kwenye kopo lenye namba ya kitanda, na Gramu akakipima. Kopo likiwa na gramu mia mbili, kuna jambo: mgonjwa ana vidonda mdomoni, au amepata habari mbaya ya nyumbani, au mpishi amesahau chumvi. Mabaki husema kweli kuliko mgonjwa, ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wa uuguzi, na alipenda sana walivyoiandika sentensi hiyo kwenye madaftari. Kila Ijumaa asubuhi alijumlisha wiki nzima na kupeleka ripoti kwa uongozi.

Ijumaa hiyo, kidole chake kilipofika wodi ya tano, kitanda cha kumi na nne, kilisimama. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Kuanzia chai ya Jumatatu asubuhi hadi chakula cha Alhamisi jioni, sifuri kumi na mbili zimejipanga kama mayai kwenye trei. Kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kuona kitu kama hicho. Hata sufuria yenyewe hubakiza ukoko. Akacheka peke yake, akakata nyota kutoka kwenye karatasi ngumu, akaipaka manjano, akaandika kwa mkono wake mzuri: BINGWA WA SAHANI SAFI.

Akaenda nayo.

Wodi ya tano ni ya wanawake waliovunjika. Vitanda ishirini, kumi huku na kumi kule, na katikati njia inayong'aa kwa dawa ya sakafu. Miguu imening'inizwa kwa kamba na vyuma, mifuko ya mchanga ikivuta mifupa irudi mahali pake. Katika kitanda cha kumi na nne alilala bibi mmoja mdogo wa umbo, fundi wa kushona magodoro, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa amewalaza watu vizuri na sasa yeye ndiye kalala vibaya. Alipanda kigoda kuvuta robota la pamba lililokuwa juu ya kabati, kigoda kikamkana, nyonga ikavunjika. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama kwato kwa kusukuma sindano kubwa.

Gramu alisimama miguuni pa kitanda, akapiga makofi mawili kama mshereheshaji, akaomba usikivu wa wodi nzima. Akasema mengi. Akasema wapo humu ndani wanaokichokoa chakula kama kuku aliyeshiba, na hao wanajijua. Akasema mfupa haufungwi kwa plasta peke yake, unafungwa kwa sahani. Akasema mwalimu wao amelala hapa, umri wake miaka sabini na minane, na kwa siku nne hajabakisha hata punje. Mwanzoni wanawake walicheka. Halafu mmoja mmoja wakanyamaza, mpaka ikasikika feni tu. Gramu akadhani ni heshima. Akaibandika nyota kwenye nguzo ya dripu.

Bibi alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyefika arusini akaanza kutoa pole.

"Baba," akamwambia, sauti yake imebaki uzi, "umesema nimemaliza sahani ngapi?"

"Kumi na mbili, bibi."

"Basi mtafute huyo aliyezila, umuulize kama naye anaumwa nyonga. Mimi sijaona hata moja."

Mwanamke wa kitanda cha kumi na tano akageukia ukutani. Gramu akainua macho. Juu ya kichwa cha bibi, kwenye msumari, ilining'inia kadi nyekundu ya ukubwa wa daftari: ASILE, ASINYWE. Mwandiko ulikuwa ule ule wa kwenye nyota.

Kadi ile ilikuwa mtoto wake wa kuzaa. Mwaka mmoja na nusu nyuma, mgonjwa alipelekwa kupasuliwa akiwa amejaza tumbo asubuhi hiyo hiyo, akatapika katikati ya usingizi wa dawa, na nusura afe kwa kupaliwa na chakula chake mwenyewe. Daktari wa mifupa alifoka ukumbi mzima, jiko likalaumiwa, lishe ikalaumiwa. Gramu akakaa wiki nzima akabuni kadi. Kitanda chenye kadi nyekundu, kigari hakisimami. Ndugu akileta chakula, mlinzi wa mlangoni anakirudisha. Na ili asije muuguzi mwenye huruma au mpishi mwenye kiherehere akaivua ovyo, aliandika sharti la mwisho na kulipigia mstari mara mbili: kadi haivuliwi ila kwa saini ya idara ya lishe. Tangu hapo hakuna aliyepaliwa. Uongozi ulimpa cheti. Kilikuwa ukutani ofisini, juu ya ndizi ya plastiki.

Akasimama pale miguuni pa kitanda na hesabu ikajipiga yenyewe kichwani. Jumatatu bibi alikuwa kwenye orodha ya kupasuliwa. Mtaalamu wa usingizi akaugua. Jumanne mashine ya kuchemshia vyombo ikafa. Jumatano akina mama wawili waliokwama na uzazi wakachukua chumba, na haki yao. Alhamisi lori lilipinduka. Kila siku taarifa ya kuahirisha ilitoka chumba cha upasuaji saa kumi na moja jioni. Ofisi ya lishe hufungwa saa tisa na nusu. Kigari cha chakula cha jioni hupita saa kumi na mbili, kinakuta kadi, kinapita. Asubuhi Gramu anafika, anakuta orodha mpya, jina la bibi limo, anatia saini kwamba kadi iendelee, bila kutazama ni ya kitanda gani. Amesaini mara nne. Kila mtu amefuata kanuni, hakuna aliyekosea, na bibi ameishi kwa maji ya dripu na vijiko vya maji ya kunywa anavyopewa na wauguzi wa zamu ya usiku kwa kuibia.

Na sahani isiyopelekwa haina mabaki.

Hasira ilimpanda kutoka kwenye nyayo. Hasira ya mtu aliyejikwaa mbele za watu ni mbaya, maana lazima ipate wa kumbebesha, na wa karibu alikuwa Sista, mkuu wa wodi, aliyekuwa mezani pake akijaza chati. Gramu akamwendea akimuuliza kwa sauti ya wodi nzima kusikia kama humu wanauguza watu au wanawakausha. Akamuuliza kama macho ya wauguzi yameumbiwa kusoma kadi tu na si kuona mtu. Akasema maneno mengine mawili matatu ambayo baadaye angetamani kuyalipia ili yarudi.

Sista alimaliza kuandika mstari wake. Halafu akafungua droo, akatoa karatasi ya kanuni, akaiweka juu ya meza, akaigeuza imwelekee Gramu na kuweka kidole kwenye mistari miwili iliyopigwa chini ya sharti la mwisho. Akamwambia kwa upole unaochoma kwamba Jumatatu jioni alipiga simu ofisi ya lishe ikaita mpaka ikachoka. Jumanne akapiga tena. Jumatano alimwacha muuguzi ampe bibi kikombe cha maziwa, akaandikiwa barua ya onyo asubuhi yake na daktari wa mifupa kwa kukiuka kanuni ya kadi, na maziwa yenyewe bibi hakuyanywa, yaliondolewa mkononi.

"Kaka, mimi barua moja inanitosha," akasema. "Nina watoto. Ungetaka tutumie akili, ungetuachia nafasi ya kuitia."

Gramu aliisukuma karatasi imrudie mwenyewe. Akageuka, na hapo mlangoni kigari kilikuwa kimesimama, Mama Toroli nyuma yake, mikono kiunoni. Alikuwa amesikia kuanzia mwanzo, maana sauti ya Gramu ilikuwa imefika mpaka jikoni. Gramu akataka kumgeukia na huyo. Kwa nini hakusema? Yeye ndiye anayepita na chakula mara tatu kwa siku, yeye ndiye anayeleta makopo, kopo la kumi na nne linakuja tupu na safi, halijaguswa, na hasemi?

Mama Toroli hakupandisha sauti. Alimkumbusha tu siku ya Jumatano, pale dirishani pa jiko, mbele ya wapishi wote, alipomwambia kwamba ile kadi ya kumi na nne imezeeka ukutani. Akamkumbusha na jibu alilompa.

Gramu alilikumbuka mwenyewe kabla hajamaliza. Alikuwa amesema: iache izeeke, mbona hata mimi nazeeka na hakuna anayenitoa ukutani. Wapishi walicheka mpaka mmoja akaangusha mwiko. Lilikuwa jibu zuri, na alikuwa amelirudia nyumbani kwa mkewe jioni hiyo, akishiba.

Mtu hujifunza kwa makofi, na Gramu makofi ya maisha alikwisha kula tangu utotoni. Alijua kuyapokea bila kuanguka. Lakini hili halikuwa la kumpiga yeye. Lilimpiga mtu mwingine, tena aliyelala chali, mguu umefungwa. Hilo ndilo lililomwia zito. Akatoka wodini nusu dakika, akasimama kwenye korido karibu na sinki la kunawia, akafungua bomba, akalifunga. Akarudi.

Aliivua kadi. Hakuivuta kwa vishindo. Aliinyanyua kwenye msumari, akaichana kati, akaichana tena, akatia vipande mfukoni mwa koti. Akaing'oa na nyota ya manjano. Kisha akavuta kiti, akakaa usawa wa uso wa bibi, akamwambia kwamba kosa ni lake, si la Sista wala la jikoni, na kwamba anaomba radhi.

Bibi akamuuliza kama radhi hiyo inalika.

Ndipo akamweleza kwa haraka, na hapa utaalamu ukamrudia, maana hasira nayo ikipata kazi hutulia kidogo. Hawezi kumpakulia sahani nzima. Mwili uliokaa na njaa siku nyingi ukipakiwa chakula kingi ghafla, chumvi za damu huyumba, na moyo unaweza kusimama. Amewahi kuona, kwa mfungwa mmoja aliyeletwa kutoka kwenye mgomo wa kula. Ataanza na nusu kikombe cha uji mwepesi wa maziwa, taratibu, halafu saa mbili baadaye nusu nyingine. Kabla ya hapo sindano ya vitamini, na damu ichukuliwe sasa hivi ipimwe. Sista alikwisha kuvaa glavu. Yeye na Gramu hawakutazamana, lakini bomba la sindano alilishika yeye, na pamba akaishika Gramu, kazi ikaenda.

Wakati uji unapozwa, bibi akasimulia, macho kwenye dari. Binti yake msusi ameleta chupa ya supu kila siku. Mlinzi ameirudisha mara nne. Mara ya nne binti alikaa kwenye ngazi mbele ya mlinzi, akainywa yote mwenyewe huku akimtazama, na mlinzi, mtu wa watu, akamwomba msamaha huku akimwonyesha tangazo. Bibi mwenyewe alimkataza binti asigombe. Alimwambia hospitali wanajua wanachokifanya. Aliposema hivyo alimtazama Gramu, bila hasira yoyote, na hicho ndicho Gramu alichoshindwa kukivumilia. Angetukanwa angepumua.

Mama Toroli akaleta kikombe, na kijiko, na mto wa kumwinulia kichwa.

Na hapo hapo daktari wa mifupa akaingia.

Alikuwa mtu mrefu, hodari wa kazi yake, hakuna aliyembishia hilo. Watu wanatembea leo kwa miguu aliyoiunga yeye. Lakini hodari akizoea kutobishiwa, huanza kudhani hata ukuta unamkubalia. Alikuja na orodha mkononi, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye msumari mtupu. Akauliza kadi iko wapi. Gramu akasema iko mfukoni, vipande vinne. Akauliza kwa idhini ya nani. Gramu akasema kwa saini ya idara ya lishe, kama kanuni inavyotaka, na kwa mara ya kwanza siku ile akaona faida ya ile mistari miwili.

Daktari alicheka bila meno. Akamwambia bibi yumo kwenye orodha ya leo, wa tatu, na saa nane mchana atakuwa mezani. Akila sasa, ameanguka orodhani. Kesho ni Jumamosi, Jumapili hakuna, mpaka Jumatatu. Akataka kujua kama Gramu anaelewa mzee wa umri ule kulala siku tatu zaidi na nyonga iliyovunjika maana yake nini. Mapafu yanajaa. Vidonda vya mgongo. Damu kuganda.

Gramu alielewa. Hilo ndilo lililomtia uchungu, kwamba daktari hakuwa akisema uongo. Akamjibu kwamba wa tatu leo, jana alikuwa wa pili, juzi wa nne, na Jumatatu alikuwa wa kwanza kabisa, na hakuna siku hata moja aliyofika mezani. Akamwambia amweke wa kwanza, sasa hivi, aondoke na kitanda hiki mbele ya macho yao, na yeye Gramu atasukuma. Daktari akasema hawezi, wa kwanza ana mguu unaooza. Basi, Gramu akasema, aahidi kwamba saa nane ni saa nane. Daktari, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli pale alipobanwa, akasema chumba cha upasuaji hakina ahadi.

"Kama hakina ahadi, kisifunge watu midomo," Gramu akasema. "Na hata kama angepasuliwa leo, maji ya sukari yanaruhusiwa mpaka saa mbili kabla. Vitabu vyako ndivyo vinavyosema, si vyangu. Nani alikwambia ukaushe watu tangu usiku wa manane mpaka jioni?"

"Wewe," akasema daktari. "Kadi yako imeandikwa asinywe. Au umesahau mwandiko wako?"

Wodi ilisikia. Ngumi hiyo ilifika mahali pake, na Gramu aliiacha ifike, hakujikinga. Akasema ndiyo, ameandika yeye, na ameichana yeye, na ripoti ya leo itaandikwa hivyo, kwamba kitanda cha kumi na nne hakikula siku nne kwa sababu ya kanuni ya mtaalamu wa lishe, jina lake kamili, na kwamba kuanzia leo kila mgonjwa aliyeahirishwa atapewa chakula saa hiyo hiyo na muuguzi wa zamu, bila kusubiri saini ya mtu yeyote. Akasema cheti watakikuta mezani kwa mkuu wa hospitali. Lakini mfupa huu, akasema, akaonyesha kwa kidole, hata ukiuunga kwa dhahabu, hautashika ndani ya mwili ambao umeanza kujila wenyewe. Bibi alipimwa Jumapili alipoletwa, kwa kitanda cha mizani. Anaomba ampime sasa mbele ya daktari, kisha daktari aseme kisu kitapita kwenye nini.

Daktari akaanza kupoteza subira. Alisema yeye hukata na Gramu hupika uji, na kila mtu abaki kwenye sufuria yake. Alisema hajapata kuona hospitali inaendeshwa kwa huruma za jikoni. Mama Toroli akaguna, mguno mrefu wa mtu aliyesukuma kigari miaka ishirini na mitatu, na daktari akajifanya hakuusikia. Gramu alikuwa amesimama sasa, akatia mkono mfukoni, ukakutana na vipande vya kadi. Akasema uji huu utanyweka hata kama itabidi amnyweshe huku askari wa lango wakimvuta koti. Akasema kwa sauti ndogo, iliyowatisha zaidi kuliko kelele zake za mwanzo.

Sista, aliyekuwa amerudi kuandika kipimo cha damu, akainuka mezani kwake. Alikuja akasimama upande wa pili wa kitanda, akamwinua bibi kichwa, akauweka mto sawasawa, kisha akachukua kikombe kwa Mama Toroli na kumpa bibi mkononi. Barua ya pili ya onyo, kama ipo, na ije.

Daktari aliona kwamba hawa watatu hawaondoki. Basi akawaruka, akainama kwa mgonjwa mwenyewe, na sauti yake ikawa laini, sauti ya mtoto mzuri kwa mzee.

"Bibi, usiwasikilize. Wanakuharibia zamu yako. Vumilia mpaka jioni tu, ni saa chache. Njaa kidogo haijapata kumwua mtu."

Bibi alikuwa amekishika kikombe kwa mikono yote miwili. Alikunywa funda moja, akalikalisha mdomoni, akalimeza polepole kama alivyofundishwa. Akanywa la pili. Akafuta midomo kwa ncha ya shuka, bila haraka, wodi nzima ikimngoja.

"Mwanangu," akasema, "kama ni kidogo, ichukue wewe. Anza nayo leo, ukae nayo siku nne kama mimi, halafu uje hapa na kisu chako. Mkono wako usipotetemeka, nitajilaza mezani mwenyewe."